Maji Yaliyo Huru: Kutoka Chumvi ya Ivuna hadi Kopo la Vidonge

Chumvi ya Ivuna, karne ya 13 hadi ya 15

Historia ya dawa kavu katika Wilaya ya Momba ni ya zamani kuliko zahanati yoyote. Inaanzia Ivuna, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, katika wilaya ambayo leo makao yake makuu yako Chitete. Hapo pana chemchemi za maji ya chumvi. Miaka ya 1960 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba kando yake, na vipimo vya kaboni vikaonyesha kwamba watu walikuwa wakipika chumvi mahali hapo kati ya karne ya 13 na ya 15. Udongo wenye chumvi ulikusanywa, ukachujwa kwa maji, kisha maji hayo yakachemshwa vyunguni mpaka ikabaki chumvi.

Samaki aliyekolezwa chumvi kama hiyo bado ana maji mwilini, tena si haba. Ila chumvi imeyashika. Bakteria akitua juu ya samaki huyo hawezi kuyanywa. Badala yake maji ya mwilini mwake mwenyewe huvutwa nje, naye akadumaa. Waliokausha na kutia chumvi hawakuwa na habari za bakteria, lakini walikuwa wameshika jambo ambalo wataalamu wa dawa walikuja kulielewa sawasawa katika karne ya 20: kinachoamua kama kitu kitaoza ni kiasi cha maji kilichobaki huru ndani yake. Jumla ya maji yote inaweza kukudanganya.

Ivuna ina ushahidi mwingine wa jambo hilohilo, nao ulishuka kutoka juu. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka hapo kimondo, na vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa takriban gramu 700. Ni jiwe la kupukutika, kavu kwa macho, lakini vimondo vya kundi lake vina maji yanayokaribia moja ya tano ya uzito wao, yakiwa yamefungwa ndani ya madini yanayofanana na mfinyanzi. Wageni wa mkoa wetu wa Songwe hupelekwa kukitazama kile kimondo kikubwa cha Mbozi, chuma kitupu cha tani nyingi. Kwa anayetaka kuelewa dawa, hiki kidogo cha Ivuna kinafundisha zaidi: kitu kinaweza kubeba maji mengi na kisimnyweshe kiumbe hata mmoja.

Masanduku ya wasafiri, 1843 hadi 1891

Kwa karne nyingi waganga wa Misri, wa Bara Arabu na wa pwani yetu walihifadhi dawa kwa asali na sukari. Asali ni kavu kwa kipimo tunachokizungumzia hapa, ingawa inamiminika. Dawa zisizochanganywa na asali zilikaushwa na kusagwa, na za Ulaya zikasafirishwa kama unga ndani ya chupa za kizibo.

Mwaka 1843 Mwingereza William Brockedon, mchoraji kwa kazi yake, alipata hataza ya mashine ya kushindilia unga uwe kidonge. Miaka 41 baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ikasajili jina lake la biashara, Tabloid, kwa vidonge vya namna hiyo. Wasafiri wa Afrika wakawa wateja wake wakubwa, na Henry Morton Stanley alibeba masanduku yake katika safari ya kumtafuta Emin Pasha iliyoanza 1887. Kidonge kilichoshindiliwa hakimwagiki, hakihitaji mizani, na kina maji huru machache mno kwa kidudu chochote kuota.

Thamani ya sanduku kama hilo David Livingstone aliijua kwa kulikosa. Januari 1867, akiwa kusini mwa hapa katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka wakiwa na mzigo wenye dawa zake zote. Aliandika katika shajara yake kwamba alihisi kama amehukumiwa kifo. Aliendelea na safari mpaka Ziwa Tanganyika bila kwinini, na afya yake haikutengemaa tena.

Wamisionari Wamoravia walipofika Rungwe mwaka 1891, dawa zilizofuata njia ya Ziwa Nyasa kuingia nyanda za juu zilikuwa tayari ni za aina zote mbili: vidonge na unga upande mmoja, chupa za maji upande mwingine. Historia iliyobaki ni ya mvutano kati ya aina hizo.

Enzi ya chupa, 1919 hadi 1961

Waingereza walipoichukua Tanganyika walijenga zahanati ndogo chini ya mamlaka za wenyeji, zikihudumiwa na wasaidizi waliofunzwa kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida. Dawa nyingi za kumeza zilikuwa michanganyiko ya maji. Chupa kubwa ilikaa rafuni, na mgonjwa alipimiwa fungu lake.

Mchanganyiko wa maji, kwa kidudu, ni bwawa. Maji matupu yana kiwango cha maji huru cha 1.00, na mchanganyiko mwepesi wa dawa hauko mbali na hapo. Bakteria wanaoishi kwenye mabomba na ndoo, jamaa ya Pseudomonas, wanahitaji kiwango cha karibu 0.97, kwa hiyo humo wanajiona wako kwao. Ndiyo maana watengenezaji walitia vihifadhi kama benzoeti na parabeni, au wakaijaza dawa sukari.

Sharubati ya kifamasia ya kawaida ina gramu 850 za sukari katika kila lita. Kiwango chake cha maji huru hushuka hadi karibu 0.86, na hapo bakteria wengi hukwama. Lakini tazama kinachotokea chupa hiyo ikikaa dirishani. Mchana jua linaipasha, maji yanapanda kama mvuke. Usiku ubaridi unaingia, mvuke unageuka matone chini ya kifuniko na kudondoka. Juu ya sharubati nzito linatandazwa tabaka jembamba lenye sukari kidogo. Ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Siku moja mtu anafungua chupa na kukuta duara la kijivu linaelea juu, chini yake dawa ni safi kabisa. Wafamasia wa zamani walisisitiza chupa ijazwe mpaka juu na iwekwe mahali pasipobadilika joto, na sababu yao kubwa ilikuwa hii.

Kuna njia nyingine ya kuyafunga maji: kutumia vimiminika kama gliserini na propileni glaikoli. Njia hiyo ina doa jeusi. Mwaka 1937 huko Marekani kampuni ya Massengill iliyeyusha dawa ya sulfanilamidi katika kimiminika cha jamaa hiyohiyo, daietilini glaikoli, ambacho ni sumu. Zaidi ya watu 100 walikufa, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikapata sheria kali ya dawa. Sumu hiyohiyo ilikutwa katika dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto wengi Gambia mwaka 2022. Dawa ya maji humtaka mtengenezaji atafute kitu cha kuyashika maji, na kila kitu kama hicho ni mlango mmoja zaidi wa kulinda.

Namba yapatikana, 1907 hadi 1957

Mwaka 1907 mkemia Mmarekani Gilbert Lewis aliweka msingi wa kupima nguvu halisi ya kitu ndani ya mchanganyiko, tofauti na wingi wake. Ilikuwa hesabu ya wakemia, na kwa miongo kadhaa ikabaki kwao. Viwandani watu walipima jumla ya maji. Njia ya Mjerumani Karl Fischer, ya mwaka 1935, ilifanya hivyo kwa usahihi mkubwa na bado inatumika kila maabara ya dawa. Lakini haikujibu swali la vijidudu.

Aliyejibu ni William James Scott, mtafiti wa Australia aliyeanza na nyama ya ng'ombe. Mwaka 1953 alichapisha kazi yake juu ya bakteria wa majipu, Staphylococcus aureus, akionyesha kwamba anaacha kuzaliana kiwango cha maji huru kikishuka chini ya 0.86, bila kujali kama kilichoyafunga maji ni chumvi, sukari au ukaushaji. Mwaka 1957 akaunganisha matokeo ya vijidudu vingi katika makala moja, na ngazi ikawa dhahiri: Pseudomonas hukoma karibu na 0.97, bakteria wa kinyesi, E. coli, karibu na 0.95, bakteria wengi kwenye 0.91, ukungu mweusi wa Aspergillus huvumilia hadi 0.77 hivi, na chini ya 0.60 hakuna kinachozaliana.

Kipimo chenyewe ni chepesi kukielewa. Weka dawa ndani ya kikasha kidogo kilichofungwa, ngoja hewa ya ndani ilingane nayo, kisha pima unyevu wa hewa hiyo. Hewa ikitulia kwenye unyevu wa asilimia 75, dawa ina kiwango cha 0.75. Hesabu hiyo inafanya kazi pande zote mbili. Kidonge kikiachwa wazi ndani ya chumba chenye unyevu wa asilimia 80, nacho kitapanda polepole kuelekea 0.80.

Wenye viwanda vya chakula walimsikiliza Scott mapema. Wenye dawa walichelewa kwa karibu nusu karne, na kwa maoni yangu sababu ilikuwa kujiamini tu: kidonge ni kikavu, kikavu ni salama, mjadala umekwisha.

Vidonge vilivyouguza, 1964 hadi 1970

Kujiamini huko kulivunjwa Uswidi. Katikati ya miaka ya 1960 watu zaidi ya 200 waliugua kwa bakteria wa salmonela, na wapelelezi wa maradhi walipofuata nyayo hawakufika kwenye nyama wala mayai. Walifika kwenye vidonge vya tezi ya shingo, dawa iliyotengenezwa kwa tezi za wanyama zilizokaushwa na kusagwa. Lars Olof Kallings na wenzake wakaendelea kuchunguza dawa nyingine, na ripoti yao ya mwaka 1966 ikaonyesha dawa nyingi zisizotasishwa, yaani zisizoondolewa vijidudu vyote, zikiwa na vijidudu. Mwaka huohuo, hospitali moja ya Massachusetts nchini Marekani ilipata wagonjwa wa salmonela waliokuwa wamemezeshwa kapsuli za rangi nyekundu ya kamaini, itokanayo na wadudu waliokaushwa; kapsuli hizo zilitumika kupima mwendo wa chakula tumboni.

Hapa ndipo somo la pili lilipoingia, na ndilo linalosahaulika zaidi. Ukavu huzuia kuzaliana. Hauui. Salmonela aliyeingia na malighafi chafu anaweza kulala miezi mingi ndani ya unga mkavu akisubiri, na tumbo la mgonjwa lina maji yote anayoyahitaji. Kwa hiyo kiwanda kinapaswa kuwa na ulinzi wa aina mbili: kuzuia kidudu kisiingie, na kuhakikisha kilichopenya hakipati maji ya kuongezeka. Mmoja hauwezi kuziba pengo la mwingine. Kuanzia mwaka 1970 kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani kikaweka vipimo vya vijidudu kwa dawa zisizotasishwa.

Makopo ya elfu moja, 1962 hadi 2003

Tanganyika huru ilianza kutengeneza dawa zake mapema. Mansoor Daya alianzisha kiwanda Dar es Salaam mwaka 1962. Serikali ikafuata na kiwanda cha Keko mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kisha kiwanda cha Arusha mwaka 1980. Sheria ya Dawa na Sumu ya 1978 iliunda Bodi ya Famasi. Lakini huo ndio muongo wa vita vya Kagera na ukosefu wa fedha za kigeni. Kiwanda bila malighafi ni jengo tu.

Mwaka 1984 ulianza mpango wa dawa muhimu uliofadhiliwa na Denmark kupitia UNICEF. Kila zahanati na kituo cha afya vijijini kilipelekewa maboksi yaliyofungwa tayari, yenye dawa zilizochaguliwa, nyingi zikiwa vidonge ndani ya makopo ya elfu moja. Kwa safari ndefu za barabara za vumbi na matope, uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kidonge kilifika. Chupa za sharubati zingepasuka, zingechacha, na zingekula nafasi ya gari kwa kubeba maji ambayo kijiji kinayo tayari. Mwaka 1994 Bohari ya Dawa, MSD, ilirithi kazi ya kusambaza, na kanda yake ya Mbeya ndiyo inayozitazama wilaya za Songwe.

Kopo la elfu moja lina udhaifu wake, na udhaifu huo unaonekana mezani pa mtoa dawa. Kopo likitoka kiwandani limefungwa kwa karatasi ya ndani, na lina kifuko cha chembechembe za kunyonya unyevu. Likifunguliwa, vidonge 10 vinahesabiwa kwa kijiti juu ya sinia, vinatiwa kwenye kibahasha, kifuniko kinarudishwa. Baada ya dakika chache anakuja mgonjwa mwingine. Mfuniko unainuka mara nyingi kwa siku, wiki baada ya wiki, na kila mara hewa ya chumba inaingia. Kile kifuko hushiba mapema, kikawa pambo. Wahudumu wakongwe hutambua kwa pua: kopo la aspirini lililoingiwa na unyevu hutoa harufu ya siki, kwa sababu dawa yenyewe imeanza kuvunjika. Vidonge vyenye madoa au vilivyoshikana hutupwa. Kapsuli hunata kama peremende. Kemia huharibika kabla vijidudu havijaanza kazi, na hiyo ni bahati, maana harufu huonya na kidudu hakionyi.

Kanuni, 2003 hadi 2021

Mwaka 2003 Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi iliunda mamlaka ya udhibiti, TFDA, na mwaka huohuo huko Ruvuma likaanza jaribio la maduka ya dawa muhimu, ambayo sasa yapo karibu kila mji mdogo. Maabara ya mamlaka hiyo ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Desemba 2018 shirika hilo likatangaza kwamba udhibiti wa dawa Tanzania umefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, wa kwanza Afrika. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vikahamia shirika la viwango, TBS, na mamlaka ikawa TMDA.

Nje, namba ya Scott hatimaye iliingia vitabuni mwa wafamasia. Mwaka 2006 kitabu cha viwango cha Marekani kilichapisha sura nzima juu ya maji huru katika dawa zisizotasishwa. Sura hiyo ilisema waziwazi: dawa yenye kiwango cha chini sana haina sababu ya kupimwa vijidudu kwa ukali uleule wa dawa ya maji. Mwaka 2009 Marekani, Ulaya na Japani zikaoanisha mipaka yao, na ndani yake tofauti ile ikaandikwa kwa tarakimu. Dawa ya kumeza isiyo na maji inaruhusiwa bakteria hadi 1,000 kwa gramu. Ya maji, 100 tu kwa mililita. Zote mbili hazipaswi kukutwa na E. coli. Mwaka 2021 ikafuata sura ya namna ya kupima.

Baadhi ya watu huiona kanuni hiyo kama msamaha kwa viwanda. Mimi naiona kama akili. Fedha ya maabara ni chache kila mahali, na kumpima yule asiyeugua kirahisi ili umsahau anayeumwa ni ubadhirifu. Mwaka 2016 wagonjwa wa hospitali kadhaa Marekani waliambukizwa bakteria aitwaye Burkholderia cepacia kutoka kwenye dawa ya maji ya kulainisha choo. Huyo hupenda maji na huvumilia vihifadhi. Kidonge cha dawa hiyohiyo kisingempa nafasi ya kuzaliana.

Mwaka huohuo wa 2016 Tanzania ilipata kumbukumbu chungu ya upande wa chakula. Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Aspergillus flavus, ukungu unaoitoa sumu hiyo, unataka kiwango cha karibu 0.80 kuota, na zaidi kidogo kutoa sumu. Mkulima wa Momba anapoambiwa akaushe mahindi mpaka unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuyaweka ghalani, anapewa kanuni ileile ya mtengeneza vidonge. Ndiyo pia inayopaswa kumwongoza anayeuza dawa za asili za unga: mizizi iliyosagwa ikiwa bado mbichi na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki ni shamba la ukungu.

Bondeni, sasa

Songwe ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2016, na Momba ilikuwa wilaya tangu 2012. Lori za Tunduma zinapita na shehena za nchi nzima, lakini dawa inayoteremka kuelekea Kamsamba na Ivuna inakwenda kwenye joto na, kuanzia Novemba hadi Aprili, kwenye hewa iliyojaa maji. Dawa zinazosajiliwa nchini hupimwa uimara wake kwa joto na unyevu uliopangwa. Vipimo hivyo hufanywa dawa ikiwa ndani ya kifungashio chake. Havisemi lolote juu ya kopo lililo wazi asubuhi ya masika.

Mwelekeo wa miaka ya karibuni ni mzuri. Vidonge vingi sasa huja katika vibati, kila kimoja na chumba chake. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani limehimiza vidonge vya kuyeyusha, amoksilini ikiwemo, badala ya chupa za maji. Kidonge hubaki kikavu mpaka dakika ya kunywewa, kwenye kijiko chenye maji safi.

Chupa za unga wa kuchanganya bado zipo madukani, na hizo ndizo zinazomfanya mzazi awe fundi wa mwisho wa kiwanda. Unga ule ukiwa mkavu hukaa miaka. Ukitiwa maji, saa inaanza. Basi ukipewa chupa hiyo, tia maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka alama iliyochorwa na si zaidi, kwani kuongeza maji ili dawa idumu ni kuipunguza nguvu na kuwakaribisha vijidudu pamoja. Andika tarehe kwenye lebo. Fuata idadi ya siku iliyoandikwa hapo, kwa kawaida 7 pasipo na friji, na zikiisha mwaga kilichobaki, hata kama kinaonekana kizuri.